SOMO LA UFUNDI: GARI LINAPOZIMIKA BAADA YA KUFUNGULIWA BETRI



Wengi wetu tulijifunza ufundi nyumbani kwenye magari ya kabureta. Gari likizimika ovyo, unachukua bisibisi, unazungusha skrubu, kazi imekwisha. Lakini magari mengi ya siku hizi yana kompyuta ya injini. Ukiyatibu kwa dawa ya zamani, unaongeza ugonjwa.

Mwezi uliopita kijana mwenzetu alibadilisha betri ya gari dogo la petroli. Alipoliwasha, liliunguruma, likashuka, likazimika. Akazungusha skrubu ya kilango cha hewa. Gari halikuzimika tena, ila likawa linanguruma kwa nguvu hata likiwa limesimama. Mwenye gari alikataa kumlipa, akamtangaza kuwa si fundi. Betri ilikuwa imefungwa vizuri. Kosa lilikuwa kugusa skrubu.

Kwa nini gari huzimika?

Hewa huingia kwenye injini kupitia kilango. Muda ukipita, masizi huganda hapo na hewa hupungua. Kompyuta hujifunza kuongeza hewa kidogo na kuweka kumbukumbu. Betri ikifunguliwa, katika magari mengi kumbukumbu hiyo hufutika. Kompyuta hurudia kipimo cha kiwandani, nacho hakitoshi kwa kilango chenye masizi. Basi ni lazima ifundishwe upya.

Fanya hivi:

1. Weka gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, toa gia. Usiliwashe ndani ya banda. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, nayo huua.

2. Angalia kama waya za betri zimekazwa na mpira wa hewa haukupasuka. Kumbuka: ukifungua betri, anza na waya wa hasi, ukifunga, waya wa hasi uwe wa mwisho.

3. Zima taa, redio na kiyoyozi.

4. Washa bila kukanyaga mafuta. Likizimika, washa tena. Likikataa kabisa, kanyaga kidogo sana mpaka lianze kupata moto, kisha achia.

5. Liache lingurume mpaka sindano ya joto ifike mahali pake pa kawaida na feni ya rejeta iwake.

6. Liache dakika 10 zaidi bila kugusa chochote.

7. Sasa washa taa na kiyoyozi. Injini ikitikisika kidogo kisha ikatulia, kazi imekwisha. Injini nyingi za petroli zikiwa za moto hutulia kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika.

Likiendelea kuzimika, safisha masizi ya kilango, tafuta mpira unaovuja hewa, halafu rudia hatua hizi. Baadhi ya magari yana utaratibu wake katika kitabu cha gari, na mengine huhitaji mashine ya kupimia. Kumwambia mteja hivyo si aibu. Aibu ni kubahatisha na mali ya mtu.

Jambo la mwisho, vijana wenzangu: mweleze mwenye gari KABLA ya kufungua betri kwamba gari linaweza kusumbua kwa muda mfupi. Akiambiwa mapema, atasubiri. Akiambiwa baadaye, atadhani unajitetea. Hapa kambini hatuna vyeti vingi vya kuonyesha. Jina jema ndilo cheti chetu.