Dondoo muhimu: Mkopo wa halmashauri usio na riba

Kabla ya kuhangaikia wafadhili wa mbali, bisha hodi halmashauri. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Si fedha za bure, zinarejeshwa. Ila hazina riba. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023, ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya.

Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Wa Haydom na Dongobesh wako chini ya Wilaya, wasipoteze nauli kwenda ya Mji. Wa Hanang, makao ni Katesh. Hata hivyo, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki yenye jina la kikundi.

Kazi kubwa iko kwenye andiko la mradi. "Kilimo cha vitunguu saumu" peke yake hakitoshi. Taja ekari, mbegu kwa bei ya sasa, vibarua, maji, mtamuuzia nani na mwezi gani. Rejesho la kwanza liombeni lije baada ya mavuno. Mkikubali lije mapema, mtauza mbuzi kulipia kitunguu kilichoko shambani bado.

Kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya fedha hujulikana upesi: daftari lake la mahudhurio ni jipya mno.

Akitokea mtu anadai "ya soda" ili faili lisogee, TAKUKURU ni 113, bila malipo.