Skana imejaa hesabu ya duka? Itoe kwenye Linux bila kuipoteza

Tuseme una duka Osiri, pale wachimbaji dhahabu wanaponunua soda, sabuni na betri za tochi. Jioni unazunguka rafu na skana ya mkononi, unapiga msimbopau (ile mistari myeusi kwenye pakiti) wa kila kitu kilichobaki. Laptopu iko nyumbani, lakini skana yako ina kumbukumbu, kwa hiyo namba zinakaa ndani. Ukifika nyumbani unakuta programu iliyokuja nayo ni ya Windows, na laptopu yako ni ya Ubuntu. Usihangaike.

Skana nyingi za USB, Linux inaziona kama kibodi tu. Chomeka, fungua LibreOffice Calc, na uiweke safu ya A iwe ya maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo zitamezwa. Bonyeza A1, kisha piga msimbo wa kutuma data ulio kwenye kijitabu cha skana. Namba zitajiandika zenyewe, moja kila mstari.

Hapa tusikilizane vizuri. Kompyuta inadhani kuna mtu anachapa, kwa hiyo namba zinaingia popote kishale kilipo, na kwa kawaida kila namba inafuatwa na Enter. Ukiwa umeacha wazi ukurasa wa malipo, kishale kikiwa kwenye kiasi cha kutuma, hiyo ni hatari. Funga kurasa zote za pesa kwanza.

Hakuna kilichoandikwa? Huenda skana imewekwa kutuma kama kifaa cha siriali. Kwenye terminali andika:

sudo dmesg | tail

Tafuta jina kama ttyACM0 au ttyUSB0, kisha:

cat /dev/ttyACM0 > stoku.txt

Piga msimbo wa kutuma, subiri, bonyeza Ctrl na C. Ukinyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout, utoke na uingie tena:

sudo usermod -aG dialout $USER

Usifute kumbukumbu bado! Msimbo wa kufuta unaweza kuwa ukurasa ule ule na wa kutuma, kwa hiyo ufunike na karatasi. Hifadhi faili, nakili kwenye flashi, hesabu mistari, ndio ufute.

Kujua kila bidhaa imebaki ngapi:

sort stoku.txt | uniq -c

Namba inayoanza na 616 ilitolewa kupitia GS1 Kenya. Haibebi bei, na skana haijui nani amelipa. Hiyo kazi ni yako: asubuhi soda zilikuwa 24, jioni zimebaki 9, basi 15 zimetoka. Kwa shilingi 50 kila moja, ni 750. Fanya hivyo kwa kila bidhaa, jumlisha, kisha linganisha na taarifa ya tili yako ya siku hiyo pamoja na keshi ya kwenye droo. Pesa ikipungua, anza na zile saa ambazo mteja alikuonyesha meseji kwenye simu yake nawe hukuangalia yako.