Mtoto Mwanamume na Jiko

Ndugu zetu, wako wazazi wamfunzao binti peke yake kupika. Mtoto mwanamume akikaribia jiko hufukuzwa, ati ni aibu. Aibu hii haikutoka katika dini. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari.

Basi mfunzeni kijana kukuna nazi, kulikamua tui zito na kuliweka kando, kuupika wali kwa tui jepesi, kisha kulitia lile zito maji yakaribiapo kukauka, na kupalia makaa juu ya kifuniko. Wali wake wa kwanza ukiungua, msimcheke. Mama akiugua, na dada hana, nani atakayempikia mgonjwa uji?