Kulika kwa Freti za Gitaa

Wanafunzi wa chama cha muziki wameleta shauri kwamba gitaa la shule limekwisha kazi, na kwamba wazazi waombwe fedha ili linunuliwe jingine. Kabla ya mtu kutia mkono mfukoni, yafaa tujue gitaa linaugua nini. Ugonjwa wake mkubwa ni kulika kwa freti, nao hutibika. Lakini unafanana na magonjwa mengine, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine.

Freti ni vile vijiti vya madini vinavyokingama juu ya shingo ya gitaa. Gitaa kavu huwa nazo 19 au 20 hivi. Kila freti ina mzizi uliozama katika ufa mwembamba wa ubao, na kichwa cha mviringo kilichotokeza juu kwa kadiri ya milimita 1 tu. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, uzi hulala juu ya kichwa hicho, na sehemu inayobaki kutetemeka huwa fupi. Ndipo sauti inapopanda.

Mpiga udi hana haja ya somo hili, maana shingo ya udi haina freti. Kidole chenyewe hufanya kazi hiyo. Lakini hapa Tanga vyama vya Black Star na Lucky Star vilitia magitaa hata katika taarabu, na upande wa dansi Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ziliutangaza mji wetu kwa magitaa katika miaka ya 1960 na 1970. Gitaa kavu nalo lilipata jina la galatoni kutokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. John Lennon wa Uingereza naye alikuwa na galatoni mwaka 1957, lenye karatasi ndani iliyoahidi kwamba halitapasuka. Juu ya freti karatasi ile haikuahidi kitu.

Basi kwa nini freti hulika? Nyuzi nyembamba za gitaa ni chuma cha pua. Freti nyingi ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao Waingereza huuita fedha ingawa hamna fedha hata chembe. Mchanganyiko huo ni laini kuliko chuma cha pua, na kigumu kikisugua laini, laini ndiyo inayoliwa. Kila mara kidole kinapobonyeza, na zaidi kinapouvuta uzi kwa ubavu, uzi husaga kidogo. Ndiyo sababu mifereji huanza katika freti za 1 hadi 5, chini ya nyuzi nyembamba, kwa kuwa huko ndiko mwanafunzi anakoshinda siku nzima. Nyuzi za nailoni hazina madhara makubwa, lakini haifai kuzitia katika gitaa lililoundwa kwa chuma. Sauti yake itakuwa hafifu.

Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya bahari ina chumvi, na jasho la vidole lina chumvi. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Kutu si uchafu tu. Sonara hutumia unga mwekundu kung'arisha dhahabu, na unga ule ni ndugu wa kutu. Uzi wenye kutu, basi, ni tupa nyembamba. Kitambaa kikavu kinachopitishwa juu ya nyuzi baada ya kupiga huokoa freti kuliko dawa yoyote ya dukani.

Mfereji wa milimita 0.2 waonekana si kitu, lakini ni sehemu moja ya tano ya kimo cha freti. Uzi ukizama humo, freti inayofuata inakuwa juu kuliko inavyopaswa, na uzi unapotetemeka huigonga. Huo ndio mkwaruzo tunaousikia.

Sasa angalieni sana. Uzi ukikwaruza unapobonyezwa freti ya 2, huenda freti ya 2 imelika, au huenda freti ya 3 imeinuka kwa sababu mzizi wake umelegea katika ubao. Chukua kipande kifupi cha rula ya chuma, ukisimamishe kwa ukingo juu ya freti ya 2, ya 3 na ya 4. Kikipwaya kama meza mbovu, ya katikati imeinuka, au ile ya 2 imeshuka; tazama mfereji na mzizi ujue ni ipi. Iliyoinuka hairekebishwi kwa tupa: hugongwa taratibu kwa nyundo ya mti na kutiwa gundi. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu bila kubonyezwa, kosa huwa katika kile kibao chenye mifereji kilicho penye kichwa cha shingo. Na ukikwaruza kila mahali, chungulia shingo yenyewe; huenda imepinda.

Mafundi wengi hutwaa tupa na kuzipunguza freti zote zilingane na iliyo fupi kupita zote, kisha huviringisha vichwa upya. Ni njia nzuri mara moja au mbili. Ya tatu, freti hazina kimo tena. Kwa maoni yangu, zikilika tatu tu, ni heri zibadilishwe hizo tatu, na kichwa kipya kipunguzwe kidogo kilingane na jirani zake.

Gitaa la shule tumelipima mbele ya wanachama. Freti ya 1, ya 2 na ya 3 zina mifereji chini ya nyuzi mbili nyembamba, na ya 7 imeinuka. Shingo imenyoka. Freti tatu zitabadilishwa, ya 7 itatiwa gundi, na wazazi hawataombwa gitaa jipya muhula huu. Nyuzi mpya zitafungwa baada ya kazi hiyo, si kabla.