Pesa ya Bonasi na Kiu ya Changaa

Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wa majani chai wanaouza kupitia shirika la KTDA hungojea bonasi. Katika nyumba nyingi za Bomet na Kericho pesa hiyo ni karo, mabati na deni la duka. Katika nyumba nyingine huishia kwenye changaa, pombe kali ya kienyeji. Hapa Siongiroi, penye ng'ombe wa maziwa, malipo ya maziwa nayo huleta mtihani ule ule.

Watu wa nyumbani kwa mnywaji husema, "Huyu hana akili, akishika pesa tu anapotea." Akili anayo. Kilichoharibika ni uwiano wa kemikali zinazopeleka habari ndani ya ubongo.

Mojawapo ni dopamini. Wengi huiita kemikali ya raha, na jina hilo limepotosha watu. Kazi yake kubwa ni kutamanisha na kufunza. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alionyesha jambo hili kwa kima waliopewa matone ya maji ya matunda baada ya ishara. Mwanzoni chembe za ubongo zinazotoa dopamini zilichangamka tone lilipofika. Kima walipozoea, zilichangamka kwa ishara, na tone lenyewe likawa si habari tena. Kwa mnywaji, ishara ni mlio wa M-Pesa, au rafiki anayepiga honi ya boda boda langoni. Hajaonja kitu, na tayari anavutwa.

Utamu wenyewe hutokana zaidi na endofini, kemikali nyingine za ubongo. Pombe huziamsha, nazo huifungulia dopamini njia. Kadiri miaka inavyokwenda utamu hupungua, lakini hamu haipungui. Ndiyo maana mtu hunywa huku akilaani anachokunywa.

Pombe pia huipa nguvu gaba, kemikali inayotuliza ubongo, na kuikandamiza glutameti, inayouchangamsha. Anayekunywa kila siku, ubongo wake hujirekebisha kwa kuongeza uchangamfu. Pombe ikikatwa ghafla, uchangamfu huo hubaki bila kizuizi: mikono hutetemeka, jasho humtoka, huweza kuona visivyopo au kupata degedege, na anaweza kufa. Kwa hiyo msimfungie chumbani "pombe imtoke". Mpelekeni hospitali aachishwe kwa dawa. Baadaye daktari anaweza kumpa naltreksoni, dawa inayoziba mahali endofini zinapofanyia kazi, ili pombe ikose utamu.

Mengine ni ya nyumbani. Zungumzeni naye asubuhi akiwa hajanywa, kabla ya Oktoba, mkubaliane bonasi iingie akaunti ya sako na karo ilipwe moja kwa moja shuleni. Abadilishe njia kama ya kawaida hupita kwa mama pima, muuzaji wa changaa. Kumhubiria usiku akiwa amelewa ni kupoteza pumzi.

Ishara hukaa ubongoni muda mrefu, hivyo anaweza kuteleza hata baada ya mwaka mzima. Akiteleza, arudi kwa daktari wiki hiyo hiyo. NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192, na hata mke au mzazi anaweza kupiga.