Jengo la Kazi Lililoachwa: Somo la Sanaa kwa Darasa la Tano

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Nyegezi, au penginepo katika jiji la Mwanza, huenda akakuta karibu na shule ghala au karakana iliyofungwa. Kwa kawaida mwalimu huwakataza watoto wasiisogelee, na mambo yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jengo hilo ni kifaa cha kufundishia.

Madhumuni
Baada ya somo, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza uhusiano wa kazi na sanaa;
(b) kutaja jengo la kazi lililogeuzwa kuwa mahali pa sanaa;
(c) kupima ni nani anayefaidika na mabadiliko hayo.

Maelezo kwa mwalimu
Anza na lililo karibu. Katika ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma, wachezaji huzungusha majembe kwa mdundo. Hapo kazi ya shamba yenyewe imezaa sanaa. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza hatashangaa akiambiwa kwamba sanaa yaweza kukaa ndani ya nyumba ya kazi.

Kisha toa mfano wa Nairobi. Mwaka 2003 bohari iliyokuwa ya kutengenezea magari, katika Barabara ya Dunga, eneo la viwanda, ilifunguliwa kuwa kituo cha sanaa kiitwacho GoDown, yaani godauni. Wachoraji, wachezaji na wanamuziki walipata vyumba vya kufanyia kazi mahali palipokuwa na harufu ya oili. Dar es Salaam nako, Nafasi Art Space ilianzishwa mwaka 2008, na huko Mikocheni makontena ya mizigo yamekuwa karakana za wasanii.

Hata hivyo, mwalimu asifundishe upande mmoja. Katika mtaa wa SoHo, New York, wasanii walihamia ghorofa zilizoachwa na viwanda, na mwaka 1971 sheria ya mipango miji iliwaruhusu kuishi humo. Mtaa ukapendeza, kodi zikapanda, na wengi wao wakashindwa kukaa. Aliyefufua mtaa si lazima ndiye atakayeufaidi.

Hatua za somo
1. Wanafunzi watazame jengo wakiwa nje na kulichora. Omba ruhusa mapema, na mtoto yeyote asiingie ndani.
2. Kila kikundi kimhoji mzee aliyewahi kufanya kazi ya mikono: alifanya nini, akiimba nini, akipumzika wapi?
3. Darasani, vikundi vigeuze majibu kuwa wimbo, igizo au picha.
4. Mjadala: «Jengo hili likiwa nyumba ya sanaa, nani akabidhiwe ufunguo?»

Hatua ya pili isirukwe. Jengo likipakwa rangi huku waliolitolea jasho wamesahauliwa, tumehifadhi matofali tu. Katika hatua ya nne, usitoe jibu lako kwanza. Watoto watafuata sauti ya mwalimu na kuacha fikra zao.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini somo linaanza na jembe, wala si na Nairobi?
2. Andaa maswali matano ya kumhoji mzee bila kumvunjia heshima.
3. Iwapo mzee atasema kwamba angependa kazi irudi kuliko ngoma, utaliongozaje darasa lako?