Mtoto Akisema Ameumia

Somo hili ni la walimu, lakini wazazi nao wasikilize.

Elena Mukhina wa Moscow alilelewa na bibi yake. Mwaka 1978 akawa bingwa wa dunia wa michezo ya viungo. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, na kabla haujapona sawasawa akarudishwa mazoezini, kwa sababu Olimpiki ya 1980 ilikuwa inakaribia, tena mjini kwao. Alitakiwa kujifunza mruko mmoja wa hatari: kupinduka na kujizungusha hewani, kisha kutua kwa kubingiria. Alimwambia kocha wake kwamba atavunjika shingo. Hakusadikiwa. Tarehe 3 Julai 1980, huko Minsk, akavunjika shingo. Alikuwa na miaka 20. Alipooza mikono na miguu mpaka alipofariki mwaka 2006. Baadaye wanawake walikatazwa mruko ule.

Tusiseme hayo ni ya Warusi wa zamani. Uingereza, taarifa ya uchunguzi wa Anne Whyte ilitolewa mwaka 2022, na watu zaidi ya 400 walikuwa wamepeleka habari zao: watoto kufanyishwa mazoezi wakiwa wameumia, kunyimwa chakula na maji, kuaibishwa kwa uzito wao.

Mimi mwenyewe nilipokuwa nikifundisha, mtoto aliyeketi kando ya uwanja ameshika goti nilimwita mvivu. Sikumwuliza kitu.

Swali la kuzungumza: Shuleni kwa mwanao, nani anaweza kumwambia mwalimu wa michezo, "Huyu leo apumzike," naye akakubali?